Pale Chuma Kinapokutana na Aluminiamu: Kufufua Land Rover ya Zamani Pwani

Chuchumaa kando ya mlango wa Land Rover yoyote ya zamani iliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, kisha upitishe kidole kwenye ukingo wa chini. Mara nyingi utakuta rangi imefura vipele vipele. Ukikwangua kimoja kwa ukucha, unga mweupe mkavu unamwagika. Ukimwita fundi rangi atakwambia rangi ya zamani ilikuwa mbovu, au praima haikushika, na atakuwa tayari kupiga msasa na kupuliza upya kesho yake asubuhi. Lakini rangi haina kosa hapo. Ule unga ni aluminiamu inayoliwa, na kinachoila kipo upande wa pili, ndani ya mlango: fremu ya chuma.

Ninafufua Land Rover ya toleo la Series III, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, gari lililofanya kazi shamba la mkonge kabla halijafika mikononi mwangu. Katika kazi yote hii, kilichonishughulisha zaidi si injini wala giaboksi. Ni viungo, yaani kila mahali metali mbili zisizofanana zinapogusana. Naona wenzangu wengi wanamaliza fedha kwenye rangi ya juu, na baada ya masika mawili wako tena gereji, vipele vilevile, mahali palepale. Msimamo wangu ni kwamba kiungo ni kipuri kamili. Kipangiwe fedha zake, vifaa vyake na muda wake, kabla hata hujaanza kubishana na familia kuhusu rangi ya gari.

Kwanza tuelewe gari hili lilipataje metali mbili. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa mgao, na kampuni ya Rover ya Solihull ilihitaji bidhaa ya kuuza nje haraka. Aluminiamu ilipatikana, kwa kuwa viwanda vya ndege havikuihitaji tena kwa wingi ule. Tena ingeweza kukunjwa na kugongwa kwa vifaa rahisi, bila mashine kubwa za kukandamizia bodi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, na wenzake wakachagua Birmabright, aloi ya aluminiamu yenye magnesiamu. Chasisi ikabaki chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ukabaki chuma, na fremu za milango vilevile. Kwenye kingo za bodi ya nyuma wakaribiti vipande vya chuma vilivyochovywa zinki.

Uamuzi ule ndio umetupa magari ambayo bado yanatembea. Mengine yaliunganishwa Thika miaka ya 1970, na tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 lilikusanya magari mamia kwa mamia. Ndio pia ulioleta msemo ninaousikia kila gereji: "Land Rover haiozi, ile ni aluminiamu." Bara, kwenye hewa kavu ya Dodoma, msemo huo una ukweli mwingi. Pwani haufai.

Aluminiamu ikiwa peke yake hujilinda. Ikikutana na hewa tu, inajifunika utando mwembamba sana wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo hujirudisha wenyewe ukikwaruzwa. Chumvi ya bahari ndiyo inayouharibu, kwa sababu kloridi hupenya na kuutoboa. Sasa weka chuma kando yake, na maji ya chumvi katikati: umeunda betri. Kila metali ina kiwango chake cha volti ikiwa ndani ya maji ya bahari. Ukipima kwa volti dhidi ya elektrodi ya kalomeli, kipimo rejea cha maabara, zinki husimama karibu na −1.0, aloi nyingi za aluminiamu kati ya −0.75 na −1.0, chuma cha kawaida karibu −0.6 hadi −0.7, shaba karibu −0.35, na stenlesi iliyo katika hali yake ya kawaida hukaribia 0. Zikiunganishwa mbili, iliyo chini zaidi, yaani yenye hasi kubwa zaidi, ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa. Ile ya juu inapona.

Betri hiyo inahitaji mambo matatu: metali mbili, mgusano wa umeme kati yake, na unyevu unaozifikia zote. Ondoa moja tu na betri inakufa. Kazi yote ya kufufua viungo ni kuchagua lipi la kuondoa, na wapi. Metali huwezi kuzibadili, gari ndivyo lilivyoundwa. Yanabaki mgusano na unyevu.

Jambo hili lilijulikana zamani kwa njia ya ajabu. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika sehemu ya chini ya manowari HMS Alarm kwa mabati membamba ya shaba, ili kuzuia minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Mabati yakapigiliwa kwa misumari ya chuma. Meli ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa imebanduka sehemu nyingi kwa sababu misumari imeoza. Lakini misumari mingine ilikuwa mizima kabisa. Walipoichunguza wakakuta chini ya vichwa vyake karatasi ya kaki, ile iliyokuwa imefunga mabati yale, ambayo mafundi hawakuibandua wakati wa kupigilia. Karatasi! Mwanafizikia Volta alikuwa hajatengeneza betri yake bado, lakini suluhisho lilikuwa limeshaonekana pale. Kila washa ya nailoni ninayoiweka kwenye Land Rover inafanya kazi ya karatasi ile.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila fundi bodi aijue, kwa sababu inapinga kile ambacho akili hukimbilia. Ukubwa wa eneo ni muhimu kuliko tofauti ya volti peke yake. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye paneli kubwa ya aluminiamu ina madhara ya polepole, kwa kuwa uharibifu unatawanyika kwenye eneo pana. Geuza mambo: ribiti ndogo ya aluminiamu kwenye bamba kubwa la chuma. Ribiti itaisha upesi, maana bamba zima linaielemea yenyewe tu.

Kanuni hiyohiyo inatueleza rangi ipakwe wapi. Mtu anaona aluminiamu inaliwa, anapaka aluminiamu vizuri na kuacha fremu ya chuma na kikoti chembamba, kwa kuwa "haionekani". Hapo amezidisha tatizo. Rangi haikosi tundu dogo mahali fulani, na tundu moja kwenye aluminiamu likikabiliana na chuma kilicho wazi, nguvu yote ya ile betri inamiminikia hapo. Ndivyo vile vipele vinavyozaliwa. Paka zote mbili, na kama kuna metali itakayopata koti la ziada, liwe la chuma. Metali inayopona ndiyo inayotakiwa kufichwa zaidi. Nimelisema hili mara nyingi gereji, na kila mara mtu ananitazama kama sijamwelewa. Fremu ya ndani ndiyo inayoamua kama rangi ya nje itadumu.

Turudi kwenye mlango, maana ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nusu ya chini ya mlango wa Series ni fremu ya chuma iliyovalishwa ngozi ya aluminiamu, na kingo za ngozi hiyo zimekunjwa kuizunguka fremu na kubanwa. Mvua inateremka kwenye kioo, inaingia ndani, inatua kwenye mkunjo wa chini. Vumbi nalo linatua humohumo na kuwa tope linaloshika unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Fremu ikianza kutoa kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inausukuma mkunjo na kuufungua, maji mengi zaidi yanaingia. Hakuna rangi ya nje inayoweza kutibu hilo. Lazima ngozi ivuliwe.

Kuvua kunataka uvumilivu. Aluminiamu ya zamani iliyokunjwa imekakamaa pale kwenye mkunjo, na ukiilazimisha inapasuka mstari mzima. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto, na hapa kuna mbinu ya mafundi wa zamani ninayoipenda: paka sabuni ya mche kwenye ukingo, upitishe moto wa gesi taratibu ukiusogeza daima, na sabuni ikigeuka kahawia iliyoiva kuelekea weusi, ondoa moto. Aluminiamu haibadiliki rangi ikipata joto. Inakaa vilevile hadi ghafla inayeyuka na kudondoka, na ndiyo maana sabuni inakuwa shahidi wako. Ikipoa, mkunjo unafunguka kwa nyundo ya mpira na kipande cha mbao.

Baada ya hapo fremu isafishwe hadi chuma cheupe, sehemu zilizooza zikatwe na kuchomelewa upya, halafu ipate praima ya epoksi makoti mawili, na kingo zote zipitiwe kwa brashi kabla ya kupuliza, kwa sababu rangi hukimbia pembe na kuziacha nyembamba. Ngozi nayo isafishwe ndani, ipakwe praima ya kung'ata, ile yenye asidi inayoishikiza kwenye metali, inayofaa aluminiamu au epoksi iliyoandikwa kwamba inashika aluminiamu. Msasa uliotumika kwenye chuma usiguse aluminiamu hata kidogo. Vumbi la chuma hujichomeka kwenye aluminiamu laini, na kila punje inakuwa betri ndogo chini ya rangi yako mpya. Brashi ya waya na stili waya ya kusugulia masufuria ni hivyohivyo. Kwenye meza yangu msasa wa chuma unakaa kopo lake na wa aluminiamu kopo lake, na yeyote anayekuja kusaidia anaambiwa hilo kabla ya salamu kuisha.

Kisha ndipo inakuja ile karatasi ya HMS Alarm. Kabla ya kukunja ngozi tena, naweka uzi wa gundi ya poliuretani, ile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari, kuzunguka fremu yote. Inatenganisha metali na inajaza nafasi ambayo maji yangekaa. Tafadhali usitumie silikoni ya bei rahisi inayonuka siki. Ile harufu ni asidi ya asetiki inayotoka wakati silikoni inakauka, na unakuwa umeifungia asidi ndani ya kiungo kwa mikono yako mwenyewe. Na matundu ya kutolea maji chini ya mlango yabaki wazi. Nimeona milango iliyofufuliwa kwa gharama kubwa, puti imeziba matundu yote, mlango umekuwa ndoo.

Kwenye bolti kuna maneno zaidi, kwa sababu hapa watu hubishana sana. Madigadi ya mbele ya Series yamefungwa kwa bolti kwenye chuma, sakafu ni paneli za aluminiamu zilizofungwa juu ya chuma, na bodi ya nyuma imekalia chasisi. Washa ya nailoni chini ya kichwa cha bolti ni nzuri lakini haitoshi, maana shina la bolti bado linagusa ukuta wa tundu. Panua tundu kidogo na uvishe shina kipande cha mpira mwembamba, hata ule wa kufunikia nyaya za umeme. Kati ya paneli na chuma weka utepe wa mpira usionyonya maji. Sponji la kawaida ni adui, linashika maji ya chumvi na kuyatunza.

Pale ambapo kiungo kinabeba uzito na huwezi kuweka mpira katikati, kiungo kinafungwa kikiwa kibichi, yaani kwa lahamu maalumu ya kupaka, uji mzito usiohitaji moto, ya kuzuia kutu kati ya metali. Duralac ndiyo inayojulikana zaidi kwa wafufuaji wa Land Rover. Ile ya asili ina bariamu kromati, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, usiipige msasa mkavu, usile wala kuvuta sigara ukiwa nayo mikononi. Siku hizi zipo zisizo na kromati. Ukikosa zote, praima ya epoksi ikiwa mbichi, ukafunga bolti juu yake kabla haijakauka, inafanya kazi ya maana. Kitu kimoja nakikataa kabisa: grisi ya shaba kwenye aluminiamu. Inasifiwa kila duka la vipuri, na kwenye bolti za ekzosi ni sawa, lakini ni punje za shaba ndani ya grisi. Tazama tena zile volti hapo juu uone shaba iko wapi na aluminiamu iko wapi.

Stenlesi inapendwa kwa sababu inang'aa. Kwenye paneli naikubali, ikiwa na nailoni na lahamu yake. Kwenye springi, usukani, mikanda ya kiti na kila mahali penye uhai wa watu, rudisha bolti ya chuma kigumu yenye alama ya 8.8 au zaidi kama kitabu cha gari kinavyotaka. Bolti ya kawaida ya stenlesi ya A2-70 haifikii nguvu ile, na nati yake hupenda kunata kwenye nyuzi ukiikaza kavu. Tena chagua bolti zilizopakwa zinki kwa kazi nyingi za kawaida: zinki na aluminiamu ziko karibu kwenye ile orodha ya volti, na zinki ndiyo inayojitoa kwanza.

Ribiti za kuvuta kwa koleo zina siri mbaya. Nyingi zinazouzwa madukani ni aluminiamu kwa nje, lakini msumari wa ndani ni chuma, na kichwa chake kinabaki humo baada ya kukatika. Miezi michache ya hewa ya bahari na unaona chozi la kutu likitiririka katikati ya kila ribiti. Tafuta zenye msumari wa aluminiamu, na uzichovye kwenye lahamu kabla ya kuzivuta.

Ukishatenganisha kila kitu, umeme utakudai. Land Rover hurudisha umeme wa taa kupitia bodi na chasisi, na sasa umekata njia hiyo kwa mpira na nailoni. Taa zitafifia, indiketa itacheza ovyo, na fundi umeme atalaumu betri. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa hadi sehemu moja kwenye chasisi, tumia vishikio vya shaba vilivyopakwa bati, safisha sehemu ya kufungia hadi ing'ae, funga, halafu ifunike kwa grisi au rangi ili unyevu usiingie. Nashangaa miongozo mingi ya ufufuaji hairuki hata ukurasa mmoja wa kutenganisha metali lakini inasahau kabisa ethi.

Kuna kiungo kingine ambacho hakionekani kwa sababu kimejaa maji muda wote. Rejeta ya zamani ni shaba, injini ya lita 2.25 ni chuma cha kalibu, na nyumba ya themostati ni aluminiamu. Zote zinaogelea kwenye maji mamoja. Huku kwetu tunasema koolanti ni ya nchi za baridi, sisi tuna joto, basi tunajaza maji ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi. Kazi kubwa ya koolanti hapa ni dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake, na dawa hizo huisha nguvu, ndiyo maana inabadilishwa hata kama rangi yake bado inavutia. Changanya na maji yaliyosafishwa, yale ya betri, uwiano kama ulivyoandikwa kwenye kopo.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vipande vya zinki kama vile vya mashine za boti. Wazo ni zuri na lina historia. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alilijaribu kwenye meli zilizofunikwa shaba mwaka 1824. Lakini zinki ya boti hufanya kazi kwa sababu boti imezama, maji yanaunganisha zinki na kila sehemu inayolindwa. Gari linasimama hewani. Kipande cha zinki ulichofunga kwenye bampa hakijui chochote kinachoendelea ndani ya mlango. Vile visanduku vya elektroniki vinavyouzwa kwa ahadi ya kuzuia kutu gari zima vinakwama kwenye tatizo hilohilo. Zinki inayofaa gari ni ile iliyokaa juu ya chuma chenyewe: chasisi iliyochovywa kwenye zinki ya moto, nyuzi joto kama 450, au kama huwezi, rangi yenye zinki nyingi juu ya chuma kilichosafishwa vizuri. Kumbuka tu kuwa ukichomelea chuma chenye zinki moshi wake huleta homa kali. Ondoa zinki kwanza sehemu ya kuchomelea, na ufanyie nje penye upepo.

Kama bado hujanunua gari, beba sumaku. Land Rover nyingi za huku zimepita mikononi mwa mafundi waliokosa aluminiamu, wakaziba sakafu na bodi kwa viraka vya bati la chuma na ribiti. Sumaku ikinata mahali panapopaswa kuwa aluminiamu, umekuta kiraka, na kukizunguka aluminiamu imeshaanza kugeuka unga hata kama rangi imeficha. Tazama pia chini ya kapeti, kwenye mstari ambao bodi inakalia chasisi, na ndani ya mkunjo wa milango kwa tochi. Kiraka kimoja kinatibika: kata sehemu yote iliyoliwa hadi ufike kwenye aluminiamu ngumu, weka aluminiamu ya aina inayofanana, ribiti za aluminiamu, na lahamu katikati. Vikiwa vingi, hesabu gharama ya paneli nzima na uipunguze kwenye bei mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.